Margaret Dayhoff: Mama aliyeifundisha kompyuta kusoma protini

KILA mara maabara inapomwandikia daktari wa saratani kwamba uvimbe wa mgonjwa wake una badiliko liitwalo V600E, maabara hiyo hutumia alfabeti fupi ambayo mwanamke mmoja wa Marekani alikuwa mstari wa mbele kuijenga na kuieneza zaidi ya nusu karne iliyopita. Ndivyo ilivyo pia kwa N501Y, jina lililotajwa mno wakati wa janga la Uviko-19, na kwa R561H, badiliko la kimelea cha malaria linalodhoofisha dawa za jamii ya artemisinini, ambalo liliripotiwa nchini Rwanda mwaka 2020 na baadaye mkoani Kagera, Tanzania.

Mwanamke huyo ni Dk. Margaret Oakley Dayhoff, mkemia aliyefariki dunia Februari 5, 1983 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na umri wa miaka 57. Leo hii anahesabiwa kuwa mama wa bayoinformatiki, yaani elimu ya kuchambua taarifa za viumbe hai kwa kutumia kompyuta. Bila elimu hiyo, utafiti wa saratani kama unavyofanyika sasa usingewezekana.

Hata hivyo, katika uhai wake hakukosa wanasayansi waliomwona kuwa mtunza kumbukumbu tu, mtu anayeokota matokeo ya jasho la wenzake na kuyapanga kitabuni. Maisha yake ni habari ya mzozo huo. Je, anayekusanya na kulinganisha ni mtafiti, au ni karani wa watafiti? Na mkusanyo ukishakamilika, mali hiyo ni ya nani?

MTOTO WA HESABU

Margaret Belle Oakley alizaliwa Machi 11, 1925 katika jiji la Philadelphia, akiwa mtoto pekee wa wazazi wake. Alipofikisha miaka kumi familia ilihamia New York, na huko ndiko alikoendelea na masomo. Mwaka 1942 alihitimu sekondari ya Bayside akiwa wa kwanza miongoni mwa wenzake, akapata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha New York. Miaka mitatu baadaye, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikifikia ukingoni, alitunukiwa shahada ya hisabati kwa sifa za juu.

Kutoka hapo aliingia Chuo Kikuu cha Columbia kusomea kemia ya kwanta, tawi linalotumia hesabu ngumu kueleza jinsi atomu zinavyoshikamana. Msimamizi wake alikuwa Profesa George Kimball. Hesabu hizo zilikuwa ndefu kiasi kwamba mtu mwenye kalamu na karatasi angeweza kumaliza miezi juu ya molekuli moja, na akikosea tarakimu moja hana budi kuanza upya.

Enzi zile zilikuwapo mashine za kadi za matundu zilizotengenezwa na kampuni ya IBM. Zilitumika kwa hesabu za biashara, bima na sensa ya watu. Kila kadi ilikuwa na safu 80, na tundu lililotobolewa mahali fulani lilimaanisha tarakimu au herufi fulani. Margaret aliona kwamba mashine haijali kama tarakimu inayoisoma ni mshahara wa mfanyakazi au nguvu ya kifungo cha kemikali. Akatunga namna ya kuzitumia mashine hizo kukokotoa nishati ya molekuli kubwa za kaboni, na kwa kazi hiyo akapata shahada ya uzamivu mwaka 1948, akiwa na miaka 23 tu.

Mwaka huohuo aliolewa na Edward Dayhoff, mwanafizikia. Akafanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York hadi mwaka 1951, kisha familia ikahamia jimbo la Maryland. Walijaliwa mabinti wawili, na kwa miaka kadhaa mama huyo alikaa kando ya maabara akiwalea, kabla ya kurejea kwa ufadhili wa utafiti katika Chuo Kikuu cha Maryland kati ya mwaka 1957 na 1959.

Miaka hiyo ya malezi ilimfuata. Mwaka 1962 maombi ya fedha za utafiti yaliyowasilishwa kwa ajili yake katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani yalikataliwa, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba alikuwa amekaa nje kwa muda mrefu mno wa fani inayokwenda kasi. Wajumbe waliofikia uamuzi huo hawakujua kwamba fani itakayokwenda kasi kuliko zote ilikuwa bado haina jina, na mwombaji wao ndiye aliyekuwa akiianzisha.

GAZETI LILILOCHANWA

Mwaka 1960 Dk. Dayhoff alijiunga na Wakfu wa Taifa wa Utafiti wa Tiba na Baiolojia, taasisi ndogo iliyoanzishwa mwaka huo katika mji wa Silver Spring na Robert Ledley, mtu aliyesomea udaktari wa meno kisha fizikia. Ledley aliamini kwamba kompyuta ingebadili tiba, na baadaye, katika miaka ya 1970, alibuni mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili mzima kwa msaada wa kompyuta. Dk. Dayhoff alipewa nafasi ya mkurugenzi msaidizi, akaishika kwa miaka zaidi ya 20.

Ili kuelewa alichokifanya hapo, ni lazima kwanza kueleza protini ni nini. Protini ndizo zinazofanya kazi nyingi za mwili: insulini inarekebisha sukari, himoglobini inabeba oksijeni, vimeng'enya vinameng'enya chakula. Kila protini ni mnyororo wa vijenzi viitwavyo amino asidi, navyo kwa kawaida ni vya aina 20. Mpangilio wa vijenzi hivyo ndio unaoamua protini itajikunja kwa umbo gani na itafanya kazi gani, kama vile mpangilio wa herufi unavyoamua maana ya neno.

Mtu wa kwanza kusoma mpangilio kamili wa protini alikuwa Mwingereza Frederick Sanger, aliyemaliza kazi ya insulini katikati ya miaka ya 1950. Insulini ina amino asidi 51 tu, lakini kazi ilimchukua miaka mingi na kumletea Tuzo ya Nobel mwaka 1958.

Ugumu ulikuwa hivi. Mnyororo mzima haukuweza kusomwa kwa mkupuo mmoja. Ilibidi ukatwe vipande vidogo vinavyosomeka, kisha vipande vipangwe upya. Mfano wake ni nakala mbili za gazeti moja zilizochanwa, kila nakala kwa namna yake. Ukitazama vipande vya nakala ya kwanza peke yake, hujui kipi kinatangulia kipi. Lakini kipande cha nakala ya pili kikiwa na mwisho wa kipande kimoja na mwanzo wa kingine, hapo unajua kwamba viwili hivyo vinapakana. Kwa vipande vichache ni mchezo. Kwa mamia ya vipande, vingine vyenye makosa ya usomaji, ni adhabu.

Mwaka 1962 Dayhoff na Ledley walitangaza programu waliyoiita COMPROTEIN, iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta aina ya IBM 7090, mashine iliyojaza chumba kizima. Programu hiyo ilipewa vipande vya mnyororo na kuvipanga kwa dakika chache, kazi ambayo kwa mkono ingeweza kula miezi. Wataalamu wengi wa kemia ya viumbe hai hawakuitilia maanani. Kwao, sayansi ilikuwa kwenye chupa na vimiminika, si kwenye kadi za matundu. Wazo hilohilo la kuunganisha vipande kwa kompyuta, likiwa limekuzwa mara nyingi, ndilo lililotumika miongo minne baadaye kusoma ramani nzima ya jeni za binadamu.

KITABU NA ALFABETI

Kufikia miaka ya 1960 mipangilio ya protini ilikuwa imeanza kuchapishwa hapa na pale, imetapakaa katika majarida mbalimbali. Dk. Dayhoff na wenzake waliamua kuikusanya yote. Mwaka 1965 walitoa toleo la kwanza la kitabu walichokiita Atlasi ya Mfuatano na Umbo la Protini. Kilikuwa na protini 65. Hiyo ndiyo ilikuwa karibu elimu yote ya dunia juu ya jambo hilo, na ilienea katika kitabu kimoja chembamba.

Kukusanya hakukuwa kunakili tu. Kila mpangilio ulikaguliwa, makosa ya uchapaji yakawindwa, na pale watafiti wawili walipotofautiana ilibidi kuwaandikia na kuwauliza. Kisha kila kitu kilitobolewa kwenye kadi ili mashine iweze kukisoma.

Hapo ndipo tatizo la herufi lilipojitokeza. Wanakemia walizoea kuandika jina la kila amino asidi kwa herufi tatu. Kwenye kadi yenye safu 80, herufi tatu kwa kila kijenzi zilimaanisha vijenzi 26 tu kwa kadi. Kwa herufi moja, kadi hiyohiyo ingebeba 80. Pamoja na mwenzake Richard Eck, Dk. Dayhoff alisukuma matumizi ya herufi moja kwa kila kijenzi, na mwaka 1968 mfumo wa aina hiyo ulikubaliwa kimataifa. Herufi nyingine ni za mwanzo wa jina, nyingine zilichaguliwa kwa sauti, na nyingine kwa sababu tu herufi za karibu zilikuwa zimeshachukuliwa.

Matunda yake yako kila mahali. Ugonjwa wa selimundu, unaotesa watoto wengi Afrika Mashariki, hutokana na badiliko ambalo wataalamu wameliandika kwa muda mrefu kama E6V: katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta wa himoglobini, kijenzi E kimepisha kijenzi V. Herufi mbili na tarakimu moja zinabeba chanzo cha maumivu ya maisha mazima. V600E ina maana ya namna hiyohiyo: nafasi ya 600 ya protini iitwayo BRAF, V imegeuka E, na seli ya ngozi imepata amri ya kugawanyika isiyokoma.

UNDUGU WA MANENO

Lakini alfabeti na kitabu vilikuwa maandalizi. Swali lililomsumbua Dk. Dayhoff lilikuwa la undugu. Akiwa na protini mbili mbele yake, moja ya ng'ombe na nyingine ya hamira, atajuaje kama zimetokana na babu mmoja?

Msomaji wa Kiswahili anaweza kulielewa swali hili kwa urahisi. Mtu wa Unguja anasema macho, wa Mombasa anasema mato. Wa kwanza anasema mchele, wa pili mtele. Wa kwanza anasema njia, wa pili ndia. Asiyejua lugha atahesabu herufi zisizofanana na kusema maneno hayo yametofautiana. Mwenye kujua atasema la, mabadiliko hayo yana utaratibu. Sauti hizi hubadilishana mara kwa mara katika lahaja zetu, kwa hiyo tofauti ya namna hiyo haivunji undugu, bali inauthibitisha.

Ndivyo Dk. Dayhoff alivyofanya kwa protini. Akiwa na wenzake, alichukua makundi 71 ya protini zilizo karibu sana kwa nasaba, wakahesabu ndani yake mabadiliko 1,572 ambapo kijenzi kimoja kimechukua nafasi ya kingine. Waliona kwamba vijenzi vyenye tabia zinazofanana hubadilishana kwa urahisi, na vingine havibadiliki ila kwa nadra. Wakatengeneza jedwali lenye alama kwa kila jozi ya vijenzi: alama ya juu kwa badiliko linalotokea mara nyingi kuliko linavyotarajiwa kwa bahati nasibu, alama ya chini kwa lile linalotokea mara chache.

Jedwali hilo lilichapishwa kwa ukamilifu mwaka 1978, na linajulikana kwa jina la PAM. Kwa mara ya kwanza, swali la kama protini mbili ni ndugu liliweza kujibiwa kwa kipimo badala ya jicho la mtaalamu. Mwaka 1992 majedwali mengine yalibuniwa na kuchukua nafasi yake katika matumizi mengi, lakini msingi wa fikra ni uleule: hesabu kwanza jinsi maumbile yenyewe yanavyobadilika, ndipo uhukumu.

Kwa njia hiyohiyo yeye na Eck walikuwa wameshatumia kompyuta, mwaka 1966, kuchora mti wa nasaba wa viumbe kwa kulinganisha protini iitwayo saitokromu c. Udadisi wake haukuishia duniani. Alishirikiana na mwanaastronomia Carl Sagan kukokotoa kemia ya angahewa za sayari nyingine, ikiwamo Zuhura.

SARATANI YAFUNULIWA

Uzito wa kazi hii kwa wagonjwa ulionekana katika miaka ya mwisho ya maisha yake.

Mwaka 1911 Peyton Rous wa Taasisi ya Rockefeller, ile ile ambayo Dayhoff angekuja kufanya kazi, alikuwa ameonyesha kwamba uvimbe wa saratani wa kuku unaweza kuambukizwa kwa kuku mwingine kwa majimaji yasiyo na seli hata moja. Kisababishi kilikuwa virusi. Rous alisubiri miaka 55 kupata Tuzo ya Nobel. Baadaye ilijulikana kwamba virusi hivyo hubeba jeni moja liletalo uvimbe, lililopewa jina la src, na mwaka 1976 Michael Bishop, Harold Varmus na wenzao wakaonyesha kwamba jeni hilo si la virusi kwa asili. Liliibwa kutoka seli za kawaida za ndege.

Swali likabaki: jeni hilo hufanya kazi gani katika seli yenye afya? Majaribio ya mwaka 1978 yalikuwa yameonyesha kwamba protini yake hubandika fosfeti juu ya protini nyingine, tendo linalofanya kazi kama swichi ya kuwasha na kuzima. Mwaka 1982 Dk. Dayhoff na mwenzake Winona Barker waliingiza mpangilio wa protini ya src katika kompyuta na kuulinganisha na hazina yao. Ikaonekana kwamba ina undugu na kimeng'enya cha kawaida kabisa cha mamalia, kinachobandika fosfeti katika shughuli za kila siku za seli.

Maana yake ilikuwa kubwa. Kisababishi cha saratani hakikuwa jini lililotoka nje. Kilikuwa ndugu wa watumishi waaminifu wa mwili, mwenye ufundi uleule, ila asiyesikia amri ya kuacha. Ugunduzi huo haukuhitaji kuua panya hata mmoja. Ulitokana na kuyaweka maandishi mawili kando kando na kuyapima kwa kipimo sahihi.

Julai 1983, miezi mitano baada ya kifo chake, jambo kama hilo lilitokea tena kwa kishindo. Makundi mawili ya watafiti, moja likiwa na Russell Doolittle wa California na jingine likiwa na Michael Waterfield wa London, yalitangaza kwamba protini ya virusi viletavyo saratani kwa nyani inafanana mno na kichocheo cha ukuaji kinachotoka kwenye chembe sahani za damu wakati jeraha linapopona. Hapo ikafahamika njia mojawapo ya saratani kuanza: seli inapata bila kukoma ujumbe wa kukua ambao ulikusudiwa uje kwa muda tu. Mkusanyo ambao Doolittle aliutumia alikuwa ameuandaa mwenyewe, lakini jina alilompa, Atlasi Mpya kwa kifupi, lilikiri deni lake kwa kitabu cha Dayhoff.

Familia hiyo ya vimeng'enya vya kubandika fosfeti ikawa shabaha ya dawa. Mwaka 2001 imatinibu iliidhinishwa nchini Marekani kutibu aina moja ya saratani ya damu, kwa kuziba kimeng'enya kimoja tu kilichoharibika. Ni kazi ya mikono mingi, na haitakuwa haki kumpa mtu mmoja sifa zote. Lakini kuwajua wanafamilia na kujua nani ni ndugu wa nani kulikuwa hatua ya lazima.

MALI YA NANI?

Turudi kwenye mzozo. Atlasi iliuzwa. Fedha za serikali hazikutosha, na mauzo ya kitabu, na baadaye ya kanda za sumaku zenye taarifa hizo, yalisaidia kulipa mishahara ya wakaguzi na gharama za kompyuta. Taarifa zilikuwa na hakimiliki na hazikuruhusiwa kusambazwa ovyo. Kwa upande wa Dk. Dayhoff, hiyo ilikuwa njia ya kuiweka kazi hai. Kwa watafiti wengi, ilikuwa dhuluma: wao wametoa mipangilio yao bure, kisha wanauziwa.

Tena wengi walisita kumpelekea matokeo kabla ya kuyachapisha. Katika sayansi anayetangulia kuchapisha ndiye mwenye sifa, na hakuna aliyetaka kumpa mwingine, hata awe mwaminifu vipi, ufunguo wa ghala lake.

Njia ya kusoma vinasaba ilipokuwa rahisi mwishoni mwa miaka ya 1970, mipangilio ilianza kumiminika kama mvua za masika. Serikali ya Marekani ikaamua kuanzisha hazina ya taifa. Dk. Dayhoff alikuwa na uzoefu kuliko mtu yeyote, na mwaka 1980 kundi lake lilikuwa limeshaifungua hazina yake kwa watu wa mbali kupitia laini ya simu, miaka mingi kabla ya tovuti kuwapo. Hata hivyo, mwaka 1982 zabuni ilikwenda kwa washindani wake, kampuni moja ya Massachusetts ikishirikiana na maabara ya Los Alamos chini ya Walter Goad. Hazina hiyo ndiyo GenBank. Watu wa Los Alamos waliahidi kwamba taarifa zitakuwa wazi kwa wote, bila hakimiliki, na ahadi hiyo ilikuwa na uzito.

Ni vigumu kusema kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya. Uwazi wa GenBank ndio uliowezesha mtafiti wa Kampala, Kilifi au Kinshasa kutazama taarifa zilezile anazotazama mwenzake wa Boston, bila kulipa. Lakini ni vigumu pia kutoona kilichosahaulika. Uwazi huo ulijengwa juu ya miaka 17 ya kazi ya mtu ambaye alilazimika kuuza ili aendelee kukusanya, kwa sababu waliokuwa na fedha hawakuamini kwamba kukusanya ni sayansi.

Dk. Dayhoff hakukata tamaa. Wiki moja kabla ya kifo chake aliwasilisha andiko la kuomba fedha za kuanzisha hazina maalumu ya protini itakayofikiwa na watafiti wote kwa kompyuta. Hakuishi kusikia jibu. Wenzake waliikamilisha kazi hiyo, na kufikia katikati ya mwaka 1984 hazina ilikuwa ikifanya kazi. Mwaka 2002 iliungana na zile za Ulaya kuunda UniProt, ambayo ni ya bure kwa kila mtu na ina mamilioni mengi ya mipangilio ya protini. Kutoka 65.

URITHI

Heshima hazikumkosa kabisa. Alikuwa profesa katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Georgetown, na katika Chama cha Fizikia ya Viumbe Hai cha Marekani alikuwa katibu kwa miaka ya 1970 na kisha rais mwaka 1980 hadi 1981. Tangu mwaka 1984 chama hicho kimekuwa kikitoa tuzo yenye jina lake kwa wanasayansi wanawake walio mwanzoni mwa kazi, wakati uleule ambao yeye aliambiwa amekaa nje ya fani kwa muda mrefu mno.

Mwaka 2024 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikwenda kwa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper. Wawili wa mwisho walitunukiwa kwa programu inayobashiri umbo la protini kutokana na mpangilio wa vijenzi vyake. Programu hiyo hujifunza kwa kulinganisha mipangilio ya protini zilizo ndugu, iliyohifadhiwa katika hazina za wazi. Ni lile lile jambo ambalo wakosoaji wa Atlasi walilihesabu kuwa kazi ya karani.

Mzozo wa mali nao haujafa. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walipotangaza haraka na kwa uwazi mpangilio wa kirusi kipya kilichopewa jina la Omicron, nchi zao zilijibiwa kwa kufungiwa safari za ndege. Aliyetoa taarifa ndiye aliyeadhibiwa, na aliyezipokea ndiye aliyefaidika. Kila nchi ya Afrika inayojenga maabara ya kusoma jeni za wagonjwa wake wa saratani itakutana na maswali ambayo Dk. Dayhoff aliyakuta mwaka 1965: nani akusanye, nani alipie, nani amiliki, na nani asifiwe.

Yeye alijibu moja tu kati ya hayo kwa uhakika. Alionyesha kwamba aliyekusanya kwa uangalifu, akakagua, akahesabu na kulinganisha, anaweza kuona ndani ya seli kitu ambacho mwenye hadubini hakukiona. Maandishi yake ya herufi moja moja yamo katika majibu ya maabara yanayosomwa leo katika kliniki za saratani duniani kote, ingawa mgonjwa anayeyapokea, na mara nyingi hata daktari anayeyasoma, hajapata kulisikia jina lake.